Riwaya Ndani ya Tazara

Ukitaka kumaliza riwaya, panda Tazara. Basi la Dar es Salaam hadi Mbeya linawahi kufika, lakini muziki wake haunyamazi, na ukiinamia kitabu kichefuchefu kinakupata kabla ya Chalinze. Treni haina papara. Wachina waliijenga reli hii, ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, miaka ya 1970 hadi 1975, na mimi kwangu wamejenga maktaba.

Likizo hii nilibeba Kuli ya Adam Shafi, simu nikaizima. (Mtandao wenyewe hukatika porini, kwa hiyo sikujinyima kitu.) Daraja la pili, vitanda sita, wanawake pekee. Tulipopita Hifadhi ya Nyerere wenzangu walijazana dirishani kutafuta tembo. Mimi niliambulia mgongo wa twiga, kwani kitabuni, bandarini Unguja, mambo yalikuwa yameanza kuchemka.

Asubuhi mama wa kitanda cha chini akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, toka jana umeng'ang'ania hicho kitabu. Kina nini?"

"Ni habari za makuli wa Unguja, mama. Wanadai haki zao, ule mgomo wa 1948."

"Basi soma na sisi tusikie."

Nikasoma kwa sauti. Mara ya kwanza nilikisoma kimyakimya shuleni, kwa ajili ya mtihani, nikakimaliza bila kusikia utamu wa yale majibizano. Yameandikwa kwa ajili ya mdomo. Mama naye alikuwa hakubali kukaa msikilizaji tu. Kila msimamizi akifoka, yeye anamjibu.

Kutoka Mlimba reli inapanda milima kuelekea Makambako, na mahandaki yanafuatana. Tukiingia, giza linameza ukurasa. Naweka kidole kwenye mstari, watu kimya, magurudumu tu yanagonga. Mwanga ukirudi, mama anauliza, "Enhe?"

Makambako alishuka na magunia yake mawili, hadithi haijaisha. Treni ikakawia stesheni, akaja chini ya dirisha akiwa amejifunga kitenge mabegani kwa baridi. Nikaendelea kusoma, nusu ya mwili nje. Bodaboda aliyekwisha kumpakilia mizigo akapiga honi mara ya tatu.

"Na wewe ngoja," mama akamwambia bila kugeuka, "huku watu wamegoma."