Siku yangu moja kati ya shamba na malka

Saa 11 alfajiri. Simu: usiku ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya watu, na kikao ni leo. Anayepiga ni mwenzangu, Muorma, kabila la wafugaji. Mimi Mpokomo, kabila la wakulima. Vikao hivi vya kupatanisha huwa tunaviongoza wawili, kwa sababu ukienda peke yako hapa Tana Delta, Kenya, ushahesabiwa una upande.

Saa 2. Bodaboda kutoka Garsen, vumbi mpaka kwenye meno. Nimebeba sukari na majani ya chai. Maziwa huleta akina mama wa Kiorma, ndizi huleta wa Kipokomo. Hatukuwapangia.

Saa 3. Chini ya mwembe wamefika 14, nilitarajia 20. Wameketi mafungu mawili. Siwachanganyi, niliwahi kujaribu, wakaninunia asubuhi nzima.

Saa 4. Kanuni yetu ni moja: kabla hujajibu, rudia alichosema mwenzako mpaka mwenyewe aseme "ndivyo". Anaanza mzee mwenye mahindi. Kijana mfugaji anarudia: "Mzee, unasema tumewaingiza makusudi." "Sikusema makusudi!" Anajaribu tena, anakosea tena. Mara ya tatu anaongea polepole: "Unasema hujui watoto watakula nini mpaka mavuno mengine." Mzee anatazama chini. "Ndivyo."

Zamu inageuka. Kijana anaeleza kuwa malka, njia ya mifugo kwenda mtoni, imelimwa yote, na kiangazi hiki maji ni ya Mto Tana tu. Mzee anakohoa, anavuta kofia. "Unasema... ng'ombe wako hawana mabawa." Watu wanacheka, na kijana naye: "Ndivyo, baba."

Saa 6. Chai. Mama mmoja anataja 2012, mwaka wa mapigano, na kicheko kinakatika. Agosti ile kilishambuliwa kijiji cha Riketa, kwa Waorma. Septemba Chamwanamuma, kwa Wapokomo. Mwaka ulipoisha waliokufa walikuwa zaidi ya 100. Hapa hakuna wa kurudia maneno ya mwenzake. Tunanyamaza tu, na mimi sijazi ule ukimya kwa mahubiri. Watu hawa wamehubiriwa amani vya kutosha, hasa na wageni wa gari kubwa wanaoondoka kabla ya chakula.

Saa 8. Tunakwenda kuipima malka. Ubishi: hatua za mzee, au za kijana mwenye miguu mirefu? Wanaafikiana kutumia kamba, kesho.

Saa 1 usiku. Ripoti. Fomu inauliza idadi ya "waliopata elimu ya amani". Naandika 14. Ya mabawa sina pa kuyaandika.

Saa 3. Simu tena. Kamba imepatikana, lakini nani ataishika upande wa mtoni?