Nani Atanunua Tokeni za Umeme?

Daftari la mweka hazina wa shirika letu lina jalada gumu la buluu, na kwa miaka yetu ya mwanzo lilitosha kubeba kila kitu: michango ya wanachama, nauli za walimu wa kujitolea, chaki, na ujira wa kijana aliyekuwa akitufagilia. Tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga huku Kisauni, Mombasa, ambamo watoto wa shule za msingi walikuja jioni kusoma na kusaidiwa hesabu. Mwaka 2017 tulipata ruzuku yetu ya kwanza kubwa, daftari likafungiwa kabatini, na programu ya kompyuta ikachukua nafasi yake. Juzi nililitoa tena, kwa kuwa kikundi cha vijana wa Likoni kiliniomba niwaeleze namna shirika dogo linavyoweza kukua kifedha. Nililipitia ukurasa kwa ukurasa, nikaona kwamba jambo ninalotaka kuwaambia lilikuwa limeandikwa humo tangu zamani: kinachoshikilia shirika linalokua ni fedha huru, yaani fedha ambazo hazikufungwa kwenye mradi wowote.

Ruzuku ile ilikuwa ya miaka miwili. Ililipia walimu wanne, vitabu na kompyuta kadhaa. Haikulipia kodi ya pango, tokeni za umeme, mlinzi, wala mshahara wa mhasibu, ingawa mkataba wenyewe ulitutaka tuwasilishe hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Bajeti hiyo niliiandika mimi na mkataba nikautia saini mimi. Niliona haya kuomba gharama za uendeshaji, nikidhani kwamba kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo tutakavyoonekana waaminifu. Tukafungua chumba cha pili, na idadi ya watoto ikapita mara tatu ya ile tuliyoanza nayo. Kila mtoto aliyeongezeka alikuja na gharama ambayo ruzuku haikuigusa, na pengo hilo tulikuwa tukiliziba kwa michango ile ile ya wanachama iliyokuwa ikiendesha chumba kimoja. Katikati ya mwaka 2019 mfadhili alituandikia barua ya adabu, akatushukuru kwa kazi nzuri na kutueleza kwamba amebadili mwelekeo wake. Akiba tuliyokuwa nayo isingetufikisha mwisho wa mwezi.

Ipo jioni moja ya wakati ule ambayo siisahau. Mita ya umeme ilianza kulia wakati watoto wako katikati ya zoezi la hesabu za sehemu, na kabla mwalimu hajamaliza kufuta ubao taa zikazimika. Tuliwatoa watoto barazani, wakakaa chini na daftari mapajani, walimu wawili wakiwamulikia kwa tochi za simu. Mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi karibu na stendi ya matatu alikuja kumchukua mjukuu wake.

“Mwanangu, mbona mwawaweka watoto gizani?”

Nilimweleza ukweli wote, pamoja na habari ya ruzuku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Na sisi mbona hamkutwambia?”

Sikuwa na jibu. Kwa miaka miwili tulikuwa tumeandika ripoti kila robo mwaka kwa mtu aliye ng’ambo, na hatukuwahi kuwaandikia wazazi hata ukurasa mmoja. Asubuhi iliyofuata alituma shilingi 200 kwa M-Pesa, akanipigia simu kunisisitizia: “Hizo ni za stima, si za vitabu.” Alikuwa amelipia hasa kile ambacho mimi niliona haya kukiombea.

Yaliyotupata sisi mwaka ule yamewapata wengi tangu hapo, tena kwa ukubwa usiolinganishika. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili iitathmini, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID, lililoanzishwa mwaka 1961, lilikuwa limekoma kuendesha misaada hiyo. Uingereza nayo ilitangaza mnamo Februari 2025 kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027. Maamuzi kama hayo hufanywa bila mtu yeyote kuuliza kama shirika fulani la Kisauni au Changamwe lilifanya kazi vizuri. Kwa hiyo ninapowasikia viongozi wa mashirika machanga wakisema kwamba mkakati wao ni kumpata mfadhili mmoja mkubwa, moyo wangu hunienda mbio, kwa maana najua jinsi mlango huo unavyofungwa.

Simaanishi kwamba ruzuku zikataliwe. Sisi tunaziomba hadi leo. Tulichobadili ni namna ya kuandika bajeti. Ikiwa mradi unatumia chumba siku tatu kati ya tano za kazi, basi sehemu tatu kwa tano za kodi, umeme na ulinzi huandikwa ndani ya bajeti ya mradi huo, waziwazi, pamoja na sehemu ya mshahara wa mhasibu. Mfadhili asiyekubali hilo anatutaka sisi tumfadhili yeye, na ni heri tulijue jambo hilo kabla ya kutia saini. Hata kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani zilifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwezi Oktoba 2024, kiwango cha gharama za uendeshaji kwa mashirika yasiyo na mapatano maalumu na serikali hiyo kuhusu gharama hizo kikapandishwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 15. Gharama hizi ni halali, na anayeziona kuwa aibu, kama nilivyoziona mimi, hulipisha aibu yake kwa walimu.

Katika mji wetu hoja hii ina mizizi mirefu kuliko ufadhili wa kigeni. Aya ya Kurani inayotaja makundi manane ya wanaostahiki zaka inawahesabu miongoni mwao wale wanaoitumikia, yaani wanaoikusanya na kuigawa. Zaka yenyewe ni fedha iliyofungwa, haiwezi kuelekezwa popote mtu apendapo, na sisi huitenga katika akaunti yake na kumwuliza shekhe kabla ya kuigusa; lakini mpaji anayeijua aya hiyo haoni vigumu kuelewa kwamba kazi ya kugawa nayo ina gharama. Sadaka ni pana zaidi, na hiyo ndiyo tunayoiombea kodi na umeme.

Michango midogo ya kila mwezi ndiyo iliyotuinua tena, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huidharau. Wakenya wamechanga tangu enzi za harambee, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 mchango hauhitaji hata kikao. Harambee, hata hivyo, inafaa kwa paa, si kwa mshahara: huleta fedha nyingi siku moja, kisha watu hurudi makwao wakiamini kwamba wamemaliza. Tulichohitaji ni shilingi 100 au 200 zinazorudi kila mwezi. Kwanza tuliachana na kutumia nambari ya simu ya mweka hazina, tukachukua nambari ya Paybill, yaani ya kupokelea malipo ya M-Pesa, kwa jina la shirika, ambayo fedha zake hazitoki bila idhini ya watu watatu. Pili, kila anayetuma hupata ujumbe wa shukrani siku ile ile, ulioandikwa na mtu anayemjua. Tatu, tarehe 5 ya kila mwezi tunabandika mlangoni karatasi moja inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na picha yake huenda kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mwezi mmoja nilichelewa kwa siku mbili, nikapigiwa simu na watu wanne. Nilifurahi kupita kiasi, maana mtu haulizi hesabu ya jambo asiloliona kuwa lake.

Kalenda nayo ina maana kubwa. Mwezi wa Ramadhani hutuletea sadaka nyingi, na mwezi unaofuata huwa mkavu. Mwezi Januari wazazi wote wako kwenye karo na sare. Kwa hiyo tulipitisha uamuzi kamatini kwamba theluthi ya kinachoingia wakati wa Ramadhani haitumiki mwaka huo ila kwa dharura. Lengo letu ni akiba ya miezi sita ya kodi na mishahara. Tuko kwenye miezi minne.

Kuhusu biashara, nashauri subira. Bombolulu, upande wetu huu wa kaskazini mwa kisiwa, wamekuwa wakitengeneza na kuuza mapambo, nguo na bidhaa za ngozi tangu mwaka 1969 kupitia mikono ya watu wenye ulemavu, na huko Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko wanayoilinda, na kutumia mapato kwa maji na shule. Ni mifano ya kujivunia. Katika yote mawili, bidhaa inatokana na kazi yenyewe ya shirika. Sisi tulijaribu kufuga kuku, tukapoteza muda wa mwalimu wetu bora. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, inaruhusu shirika kujipatia mapato ya halali mradi yarudi kwenye malengo yake. Lakini ruhusa ya sheria haimpi mtu ujuzi wa soko.

Linalonivutia kuliko yote ni wakfu. Katika Mji wa Kale kuna misikiti ambayo matengenezo yake hutokana na kodi za nyumba na maduka yaliyowekwa wakfu na watu waliokufa zamani. Asili ya mali haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Matunda yake ndiyo yanayotumika. Nchi yetu ina hata Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022. Nimepita mbele ya maduka hayo maisha yangu yote bila kufikiri kwamba yananifundisha kuendesha shirika: mtu mmoja alitoa mara moja, na taa bado zinawaka. Tumeanza kutenga fungu dogo ili siku moja tununue kibanda cha duka karibu na soko la Kongowea, kodi yake ilipie vyumba vyetu viwili. Wakili wetu amesisitiza kwamba waraka utaje tangu mwanzo sehemu ya kodi itakayobaki kwa ukarabati, kwa sababu jengo lisilotengewa fedha za matengenezo huchakaa na mapato yake huisha nalo. Fungu hilo bado ni dogo sana, na huenda likachukua miaka mingi kutimia.

Vijana wa Likoni wanakuja Jumamosi. Nitawawekea mezani daftari la buluu, bajeti niliyoiandika mwaka 2017 na karatasi ya mlangoni ya mwezi huu, wazilinganishe wenyewe. Ujumbe wa yule mama uliingia tarehe mosi asubuhi, kabla sijafika ofisini: shilingi 200, na baadaye simu fupi kunikumbusha ni za nini. Nilinunua tokeni, nikazisoma tarakimu moja moja huku mwalimu akizibonyeza kwenye mita.