Kabla ya kumuuliza "mbona huondoki?"

Kesi ya nyumbani ikifika kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji hapa Uganda, swali la kwanza huwa: amekupiga? Mama asipokuwa na alama ya kuonyesha, mume huambiwa apunguze hasira, mke apunguze mdomo, na watu hutawanyika. Lakini mume anayemtawala mkewe anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuinua mkono. Kofi la mwaka juzi bado linafanya kazi yake. Siku hizi jicho tu linatosha.

Uliza badala yake ni mambo gani mama huyu hawezi tena kuyafanya. Namba ya siri ya mobile money anaijua nani? Laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Muuza nyanya wa Busia anaweza kurudi jioni akahesabiwa mauzo hadi shilingi ya mwisho, kisha asubuhi akapewa mtaji ule ule wa jana, usizidi, asije akaweka akiba. Kwa dada yake haendi bila ruhusa, na bodaboda wa kumpeleka ni yule aliyechaguliwa na mume. Katika kambi ya wakimbizi kama Nakivale, karatasi ya familia ikikaa mfukoni mwa mume, chakula na fedha za msaada navyo viko mfukoni mwake. Ukiyasimulia haya moja moja barazani, kila moja linaonekana dogo. Yaweke pamoja uone kama umebaki mlango hata mmoja. Evan Stark, mwanasosholojia wa Marekani, aliufananisha ukatili huu na utekaji wa watu, kwa sababu kinachoporwa kwanza ni uhuru.

Masharti yenyewe hayatulii. Leo chakula kimechelewa, kesho kimewahi na kimepoa. Mke anaacha kutafuta lililo sawa, anabaki kusoma uso wa mtu na mlio wa pikipiki ikiingia uani. Katikati huja siku za wema, kitenge kipya na machozi ya toba, na wema huo humfanya aamini kwamba yule aliyempenda bado yupo.

Hapo ndipo majirani hukosea kumsoma. Anayekaa kimya na kutii wanamwita mnyonge, ilhali amepima: akijibu, watoto hawatalala. Kuna anayemchokoza mume mapema, kabla wageni hawajafika, kwa sababu anajua kipigo kinakuja na kukingoja kunamtesa zaidi. Wengine humtetea mbele ya polisi, maana jioni watarudi nyumba moja naye. Yuko pia anayerudisha kofi, naye huandikwa kuwa mgomvi mwenzake. Mwili nao una njia zake: mtu aliyejawa na hofu anaweza kuganda asipige hata kelele, na baadaye kuchanganya tarehe na mpangilio wa matukio. Kuchanganya huko si dalili ya uongo.

Kwa hiyo baraza la kuwaweka wote wawili kwenye benchi moja na kusema "tusuluhishe" ni hatari. Mume anaongea taratibu, amevaa shati safi, ananukuu maandiko. Mke analia, anafoka au anasema hana neno. Wazee wanaondoka na picha iliyopinduka, na mke anakwenda kulipia nyumbani kila neno alilotamka. Msikilizeni peke yake, mahali pasipoonekana kutoka barabarani, na msimtumie mume ujumbe wa kumwita kabla ya kumuuliza mke kama usiku huo ana pa kulala.

Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 haidai jeraha. Inataja ukatili wa kihisia, kisaikolojia na kiuchumi, na inawalinda wanaume pia. Hakimu anaweza kutoa amri ya muda ya ulinzi hata kabla mtuhumiwa hajasikilizwa. Na wazazi wanaomrudisha binti kwa kuogopa kudaiwa ng'ombe wajue kwamba Mahakama ya Juu, mwaka 2015, iliamua kuwa desturi ya kudai mahari irudishwe inakiuka Katiba.

Tena kuondoka kwenyewe ndiko wakati wa hatari kubwa, kwa kuwa mtawala anaona mali yake inaponyoka. Usimharakishe. Kadi za chanjo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala ya kitambulisho na ya mkataba wa kiwanja, vihamishwe kidogo kidogo kwa mtu mmoja wa kuaminika. Simu ya bure ya msaada, 116, ipigwe kwa simu ya mtu mwingine, kwani namba hubaki kwenye orodha. Katika WhatsApp kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, inayoonyesha kama kifaa kingine kinasoma ujumbe wake. Akikuta kifaa asichokijua, asikiondoe siku hiyo hiyo, maana mume atagundua. Mipango yote ipitie simu nyingine.

Akisema amewahi kukabwa shingo, acheni mengine yote. Kukabwa ni miongoni mwa dalili nzito kwamba mtu huyo anaweza kuuawa, na shingo inaweza kuvimba ndani saa nyingi baadaye hata pasipo alama nje. Sauti kukwaruza au maumivu ya kumeza yatosha kumpeleka kituo cha afya sasa hivi. Aliyebakwa, hata kama aliyembaka ni mumewe, afike ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia VVU. Matibabu hayangoji fomu ya polisi.

Majirani wana uzito kuliko wanavyodhani. Mpango uitwao SASA!, ulioanzishwa na shirika la Raising Voices la Kampala, ulijaribiwa Makindye na Rubaga kwa kuwafundisha watu wa mtaa wenyewe, na kipigo cha wanawake kutoka kwa wapenzi wao, katika mwaka uliotangulia tathmini, kilikuwa pungufu kwa asilimia 52 ukilinganisha na mitaa ambayo mpango haukufika. Jirani anaweza kuanza na kazi ndogo: kugonga mlango kuomba chumvi kelele zinapoanza, au kukubaliana na mama huyo kwamba khanga nyekundu kwenye kamba ya nguo maana yake ni kumwita polisi.