Nilivyoyatumia maoni ya wanafunzi wa uuguzi kurekebisha ufundishaji wangu

Fomu ya tathmini ya mwisho wa muhula humfikia mwalimu wakati walioijaza wameshahama darasa. Aliyekwama kwenye somo la wiki ya pili anaandika baada ya mtihani, mwalimu anasoma muhula mwingine ukiwa umeanza, na kama kuna kitakachorekebishwa, watakaofaidi ni watu wengine kabisa.

Nafundisha misingi ya uuguzi kwa mwaka wa kwanza, na wanafunzi haohao nawasimamia wanapokwenda wodini. Fomu siipingi, ila haitoshi. Chukua kipengele cha kasi ya ufundishaji: wastani wa 3 kati ya 5 unaweza kumaanisha darasa zima limeweka 3, au nusu wameweka 1 na nusu wameweka 5. Hayo ni madarasa mawili tofauti na kila moja lina dawa yake, lakini kwenye ripoti yanafanana. Isitoshe, mtu anaweza kupewa alama nzuri bila kufundisha chochote. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha habari za mwigizaji aliyetambulishwa kama Dr. Fox, akatoa mhadhara uliojaa maneno mazito na mizaha lakini mtupu ndani. Wasikilizaji wake walikuwa wataalamu, na wengi wao walimsifu. Kama wataalamu waliingia mkenge, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza je?

Nilianza na vikaratasi. Dakika tano kabla ya kipindi kuisha kila mwanafunzi anapewa robo karatasi, haandiki jina, anajibu swali moja: ni wapi kwenye somo la leo ambapo bado hujaelewa vizuri? Ni mbinu ya siku nyingi, wala si yangu. Uzuri wake ni kwamba swali linahusu somo, halimhusu mwalimu. Wanafunzi wa uuguzi wana heshima iliyopitiliza. Waulize kama unafundisha vizuri, watakwambia ndiyo mwalimu, tena sana. Waulize wamekwama wapi, wanafunguka.

Mfano ni somo la kukokotoa dripu. Mgonjwa ameandikiwa lita 1 ndani ya saa 8, mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita. Unazidisha 1000 kwa 20, unagawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Ubaoni kila kitu kilikwenda sawa na vichwa vilikuwa vinatikisika kukubali. Nilitarajia vikaratasi vilalamikie kugawanya. Badala yake kadhaa viliuliza jambo moja kwa maneno tofauti: “Mwalimu, ile 20 inatoka wapi?” Kimojawapo kilionyesha kwamba mwandishi wake anaamini 20 haibadiliki, kama dakika 60 za saa.

Swali hilo si dogo. Idadi ya matone kwa mililita hutegemea mpira wenyewe: ipo ya matone 10, 15 na 20, na ile ya matone madogo hutoa 60. Mwanafunzi aliyekariri 20, akashika mpira wa 60 na kuweka matone 42 kwa dakika, mgonjwa wake atapata theluthi moja tu ya maji aliyoandikiwa. Kipindi kilichofuata nilikuja na vifungashio vitupu vya mipira ya aina mbalimbali, nikavigawa mezani, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kalamu kabla ya kuitafuta namba iliyochapishwa kwenye kifungashio chake. Maswali yangu ya mazoezi nayo yalibadilika. Siku hizi simtajii mwanafunzi idadi ya matone. Nampa kifungashio aisome mwenyewe, kama atakavyofanya kando ya kitanda.

Vikaratasi vya chumba cha mazoezi vilikuwa na lawama nyingine. “Tunaona mgongo wako tu.” “Nikisikiliza siangalii, nikiangalia sisikii.” La kwanza lilimalizwa kwa kupunguza ukubwa wa makundi na kukizungusha kitanda. La pili lilinipeleka kwenye hatua 4 za Peyton za kufundisha ujuzi wa mikono: kwanza mwalimu anafanya kimyakimya kwa kasi ya kawaida, kisha anarudia huku akieleza, kisha mwanafunzi anaeleza na mwalimu anafuata maelezo hayo, mwisho mwanafunzi anafanya mwenyewe huku akieleza. Hatua ya tatu ndiyo inayonipa habari kuliko fomu yoyote. Tukiweka mpira wa mkojo kwenye mdoli, mwanafunzi akiruka hatua, mikono yangu inasimama palepale. Wenzake wanaanza kunong’onezana, naye anarudi nyuma kutafuta alichosahau. Inakula muda, sikatai. Niliupata kwa kufuta mihadhara ya mambo wanayoweza kuyasoma wenyewe.

Katikati ya muhula nafanya jambo la pili, kwa kubadilishana na mwalimu mwenzangu wa ukunga. Anaingia darasani kwangu, mimi natoka na kwenda mbali, si kusimama mlangoni. Anawagawa kwenye makundi na kuwauliza: nini kinawasaidia kujifunza, nini kinawakwamisha, mnapendekeza nini? Kisha darasa zima linapitia majibu na kukubaliana yapi ni ya wengi na yapi ni ya mtu mmoja. Utaratibu huu ulianzia Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, na hapo kwenye kukubaliana ndipo penye thamani yake, kwa sababu malalamiko makali ya mmoja hayageuki kuwa sauti ya darasa. Mwenzangu ananiletea muhtasari bila jina la mtu, nami namfanyia vivyo hivyo.

Kipindi kinachofuata narudisha majibu: haya nimeyabadilisha, haya yatasubiri kundi lijalo, haya siyabadilishi na sababu ni hizi. Hayo ya mwisho yana uzito kuliko wengi tunavyodhani. Darasa moja liliomba nisiulize maswali kando ya kitanda cha mgonjwa. Walikuwa na haki nusu: maswali yanabaki, ila sasa nauliza tukishatoka mbele ya mgonjwa. Wengine waliomba nisaini kitabu cha ujuzi kwa mtu aliyeangalia tu wenzake wakifanya. Hilo nilikataa, na niliwaambia wazi kwamba saini yangu inamhusu mgonjwa watakayemkuta kesho. Hawakufurahi. Lakini maoni yaliendelea kuja, tena ya maana zaidi, maana waliona yanasomwa.

Sifa nazo nazipima. Kuridhika kwa mwanafunzi ni ngazi ya kwanza tu kati ya 4 za Kirkpatrick za kupima kama mafunzo yamefanya kazi. Juu yake kuna kujifunza, mwenendo kazini na matokeo. Kwa hiyo maoni nayaweka pembeni ya orodha za kusahihishia mtihani wa vitendo ambao mwanafunzi hupita kituo kimoja hadi kingine akionyesha ujuzi mmojammoja, ule tunaouita oski, ulioanzishwa na Ronald Harden miaka ya 1970. Kuna kundi lililolipenda sana somo la kusafisha kidonda, kisha kwenye kituo chake wengi wakagusa upande wa nje wa pakiti wakiwa tayari wamevaa glovu tasa. Wanapolalamika na kufeli, najua pa kuanzia. Wanapolalamika lakini wanafaulu, mara nyingi wanahitaji maelezo tu. Wanapofurahi na kufeli, hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu hakuna atakayekuja kuniambia.

Wodini mambo ni magumu zaidi. Wanafunzi watano kwenye wodi moja hawana siri. Hata mwandiko unamtaja mtu, na muuguzi kiongozi anayesaini kitabu chao yupo palepale. Huko nakubali kuchelewa: nakusanya maoni mzunguko wao wa mafunzo wodini ukishaisha na saini zikishapatikana, nikichanganya ya wodi zote. Siwaombi alama, nawauliza yaliyotokea. Ulipokwama nani alikuelekeza? Ni kazi gani uliifanya kwa mikono yako? Zamu ipi ulikaa bila kufundishwa kitu? Majibu mengi yaliielekea zamu ya mchana, wakati sisi walimu wote tunazuru asubuhi, kukiwa na madaktari wanaopitia wagonjwa na wauguzi wengi. Sehemu ya ziara zangu nimezihamishia mchana.

Nilipowapelekea wauguzi wa zamu muhtasari huo, nao walitoa lao. Hawajui mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kufanya nini, ndiyo maana wengine humtuma tu kupima joto na shinikizo la damu kutwa nzima. Waliomba orodha fupi, ukurasa mmoja. Sasa kila mzunguko unapoanza tunaibandika mpya kwenye chumba cha wauguzi, kwa kuwa aliyoruhusiwa wa mwaka wa tatu siyo aliyoruhusiwa wa mwaka wa kwanza.