Siku Moja Maishani Mwangu: Mchoro Wangu, Picha Yake

Saa 11 alfajiri

Adhana inanikuta nimeshaamka, nimekaa kitandani nyumbani kwa shangazi, Magomeni, kamera ikiwa mapajani. Kupakia mkanda kunataka utulivu. Kamera yangu ni Pentax K1000, aina iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997 na ambayo wanafunzi wengi wa picha duniani wamejifunzia. Ni ya chuma, inaendeshwa kwa springi na meno, na betri yake ni ya kipima mwanga tu. Naingiza ulimi wa mkanda penye kijiti cha kupokelea, nafunga mlango, navuta wenzo huku macho yakiwa kwenye kirungu cha kushoto. Kikizunguka, mkanda umeshika. Kisipozunguka, mtu anaweza kupiga siku nzima na jioni akatoa mkanda mtupu.

Mkanda wenyewe ni Ilford HP5 Plus, mweusi na mweupe, wa picha 36. Za leo ni hizo tu.

Nasomea ubunifu, upande wa grafiki, mwaka wa tatu. Kazi yangu ya kumalizia chuo ni kitabu cha mafundi cherehani wa vibarazani Kariakoo. Kila fundi anapewa kurasa mbili zinazotazamana: kushoto mchoro niliouchora kwa mkono nikiwa nimekaa naye, kulia picha ya mkanda. Nimechagua mafundi cherehani kwa sababu kila aina ya mtu hupita mbele yao: bwana harusi, mwanafunzi, mfiwa anayetaka nguo ya haraka, kijana aliyenunua suruali ya mtumba inayomzidi kiuno. Ukikaa kwa fundi utaujua mtaa mzima.

Saa 12 na nusu asubuhi

Mwendokasi kutoka Magomeni Mapipa umejaa. Nimesimama, lakini bado nachora: mikono iliyoshika bomba. Mistari inatikisika basi linapopita Jangwani, na naiacha hivyo hivyo.

Nashuka kituo cha Msimbazi na kutembea hadi Soko Kuu la Kariakoo. Msanifu wake ni Beda Amuli, Mtanzania, na lilijengwa miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja umesimama kwenye nguzo yake na kukinga maji ya mvua. Jengo liliungua Julai 2021. Nalichora mara kwa mara kwa sababu linanifundisha jambo ninalolihitaji kwenye kazi yangu: aliyelichora alianza kumfikiria mtu atakayesimama chini yake, juani na mvuani, ndipo akafikiria umbo. Wachukuzi wanapita na mikokoteni wakipiga kelele za kuomba njia, mama lishe wanachochea moto, na jua bado ni la kulala. Kwenye mwanga wa namna hii kila kitu kina upande wa giza na upande wa nuru, na penseli ya 2B inatosha kabisa.

Saa 2 asubuhi

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umerudi na daftari lako?"

"Nimerudi nalo, na leo nimekuja na kamera."

"Haya, kaa. Kwanza kunywa kahawa."

Kibaraza chake kiko mbele ya moja ya nyumba za Kiswahili ambazo bado zimesimama katikati ya maghorofa: mlango katikati, ukumbi unaopenya hadi uani, vyumba vitatu kila upande, na kibaraza kinachotazama barabara. Nyumba hizi zinakwisha. Ghorofa likijengwa huwa na fremu za maduka chini, na fremu ina kodi na mlango wa kufunga. Kibaraza hakina mlango. Mtu anakaa akisubiri zipu yake, anaongea na mwenzake asiyemjua, na akiondoka wameshaulizana kwao ni wapi. Nikiwa mbunifu, swali linaloninyima usingizi ni hili: tunapochora mitaa mipya, mahali pa kukaa na kuongea bila kununua kitu tumepaweka wapi?

Naanza na ukingo wa kibaraza, halafu miguu ya cherehani ya kukanyaga, halafu meza. Pasi ya mkaa naichora polepole kwa sababu matundu yake ya pembeni ndiyo yanayoipa uhai. Mikono ya mzee naiacha mwisho, baada ya kuitazama kwa muda mrefu. Kidole gumba cha kushoto kinabana kitambaa kabla sindano haijafika, kinatangulia kila mara, na hilo siwezi kuliona kwa haraka. Giza la chini ya meza nalikoleza kwa mkaa ninaoutengeneza mwenyewe: vijiti vyembamba vikavu ndani ya kopo lililofungwa, kifuniko kimetobolewa tundu dogo, juu ya jiko hadi moshi ukome kutoka.

Wapita njia wanasimama nyuma yangu. Mama mmoja aliyeleta sare za mwanawe zishushwe pindo anamwambia mzee, "Kakupata, huo ndio mkao wako." Mtoto anataka achorwe na yeye, basi namchora pembeni ya ukurasa, anaondoka na kipande chake.

Uzuri wa mchoro ni huo. Kamera ukiielekeza kwa watu, wanaotazamwa ni wao. Daftari likifunguliwa, kila mtu anakutazama wewe, anakukagua, anakukosoa, na baada ya muda mnakuwa sawa.

Saa 4 asubuhi

Mchoro umekwisha, naomba ruhusa ya picha. Mzee hanijibu. Anasimama, anaingia ndani, anakaa huko kwa muda. Anarudi amevaa kofia ya viua na koti la suti alilolishona mwenyewe, kola imelala vizuri kabisa. Futi aliyokuwa ameivua anairudisha shingoni. Anaketi wima, mikono juu ya magoti, anatazama lenzi moja kwa moja.

Mimi nilikuwa nimewaza kumpiga akiwa ameinama kazini. Lakini picha hiyo tayari ninayo, iko kwenye daftari. Na yeye anakumbuka ujanani alivyokwenda studio, akasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani, akapigwa picha ya kumpelekea mama yake. Huo ni utamaduni mkubwa, na kwetu una historia ndefu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akawa anawaazima wateja suti, saa na redio ili kila mtu atoke kama alivyotaka kuonekana. Kwenye studio zile aliyepigwa naye alikuwa na usemi. Kwa hiyo utaratibu wa kitabu changu uko hivi: mchoro ni wangu, nachora nilichokiona mimi, picha ni yake, anakaa atakavyo.

Hapa ufundi unakuja. Kibaraza kina kivuli, nyuma ya mzee barabara inawaka jua. Kipima mwanga cha kamera kinachukulia kila kinachokiona kuwa kijivu cha wastani, kwa hiyo kikiiona barabara kitaniambia nipunguze mwanga, na uso wa mzee utazama gizani. Nasogea hadi uso wake ujaze kioo, nasoma mwanga hapo, kisha narudi nyuma bila kubadilisha kitu: kasi ya 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/4. Barabara na ipauke. Mashine hazikuwahi kuwa mwamuzi wa haki kwa ngozi zetu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na watu weusi wakatoka kwenye picha bila sura. Ndiyo maana napima kwenye uso wa mtu niliye naye, kila mara.

Napiga chache. Kati ya moja na nyingine tunaongea. Mzee anaagiza apatiwe nakala mbili, moja ya kumpelekea dada yake Tanga.

Saa 6 na nusu mchana

Jua limesimama utosini, macho ya watu yamekuwa mashimo meusi, kamera inarudi begini. Mzee anakwenda kuswali. Cherehani, vitambaa vya watu na kisanduku cha pesa vinabaki kibarazani, na muuza kahawa wa jirani anasogeza kiti chake mahali ambapo anaviona. Hakuna aliyemwomba. Nachora kiti kile.

Nakula wali maharage kwa mama lishe na kumkabidhi picha yake niliyomwahidi. Anaifuta mikono kwanza kwa khanga ndipo anaipokea. Nashikilia sana jambo hili: ukichukua sura ya mtu, mrudishie kwenye karatasi, mkononi mwake. Watu wa Kariakoo wamepigwa picha na wageni na waandishi miaka nenda miaka rudi, na wengi hawajaiona hata moja.

Saa 8 mchana

Chuoni tunabandika kazi ukutani na kukosoana. Mwenzangu mmoja anasifia michoro, kisha anapendekeza kitabu kiitwe kwa jina la kuonyesha kwamba mafundi hawa wamesahauliwa. Nakataa, na nakataa kwa sauti. Shule zikikaribia kufunguliwa wazazi wanapanga foleni pale kibarazani. Nani kamsahau nani? Tukiwaita waliosahauliwa tunamwambia msomaji awaonee huruma, na mzee hakuvaa koti lile ili aonewe huruma.

Mhadhiri anauliza kwa nini nisitumie simu, ambayo ingenipa picha mamia. Namjibu kwamba picha zikiwa 36 lazima nizungumze na mtu kwanza, na yeye akijua ni chache, anajiandaa. Anataka nilieleze hilo kwenye utangulizi wa kitabu. Nitaliandika.

Saa 12 na nusu jioni

Kusafisha mkanda nyumbani kunaanza na kwenda kwa jirani kununua barafu. Dawa inataka nyuzi 20, na maji ya bomba la Dar yana joto kuliko hapo kwa mbali. Naweka chupa za dawa kwenye beseni la maji na vipande vya barafu, kipimajoto kikiwa ndani, nasubiri. Wakati huo mikono yangu iko ndani ya mfuko mweusi, navingirisha mkanda kwenye spuli kwa kupapasa tu, maana mkanda huu unaona rangi zote, hata taa nyekundu ingeuharibu.

Dawa ya kwanza, ya kuitokeza picha, ni D-76 iliyochanganywa na maji kiasi sawa, dakika 11. Kila dakika napindua tangi kwa sekunde kumi, nalituliza. Shangazi anapita akiuliza lini nitampisha bafuni. Kisha maji, kisha dawa ya kukaza picha. Kuosha nafuata njia ya Ilford wenyewe, inayofaa sana nyumba ya maji ya ndoo: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Hakuna haja ya kuacha bomba likimwagika. Dawa ya kukaza iliyotumika naitia kwenye dumu lake kwa sababu ina madini ya fedha, na siwezi kuyamwaga kwenye mtaro unaoelekea Mto Msimbazi.

Nautundika mkanda kwa vibanio, feni imezimwa ili vumbi lisirukie.

Saa 4 usiku

Umekauka. Naukata vipande vya sita sita na kuutazama kwenye mwanga wa simu. Kofia ya viua imetoka nyeusi na kola nyeupe ya shati imekuwa giza, kama inavyopaswa kwenye negativu, ambako nyeupe hutoka nyeusi, na uso una kila kitu: mikunjo ya macho, ndevu, hata alama ndogo ya kipajini. Kuna moja ambayo amecheka. Mimi ningeichagua hiyo. Lakini alishaniambia anataka ile ya kukaa kimya, basi ndiyo itakayoingia ukurasa wa kulia.

Maelezo ya chini ya picha nayaandika kwa brashi, kwa maneno aliyonitajia mwenyewe: "Fundi wa suti, kanzu na sare. Anapokea kazi za haraka." Naandika upya mara kadhaa hadi nafasi kati ya herufi zikae sawa. Kesho nikifika chuoni nitaanza na nakala ya Tanga, kwa sababu kuna mtu wa kuibeba anayepanda basi alasiri.