Wiki ya tano: vitoto vya Pilipili mikononi mwa mama mlezi

Nafuga sungura nyuma ya nyumba hapa Kahawa West. Zuhura ukimbeba anatulia mapajani mpaka asinzie. Pilipili ukimwekea maji tu anaguna na kukurukia mkono. Nilitaka kujua: ule ukali watoto wanazaliwa nao, au wanauona kwa mama?

Walizaa usiku wa kufuatana. Kesho yake nilihamisha vitoto vitatu huku na vitatu kule, nikawapaka manyoya ya kiota kipya ili mama asisikie harufu ngeni, na wale wahamiaji nikawatia alama ya wino sikioni. Pilipili aliwanyonyesha wote. Hilo nililiogopa kuliko yote, na usiku ule sikulala vizuri.

Wazo limetoka Novosibirsk, Urusi. Mwaka 1959 mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza kuchagua mbweha wapole kizazi baada ya kizazi, Lyudmila Trut akiwa naye. Baadaye wakatenga ukoo wa wakali pia. Walipobadilishana watoto kati ya mama wapole na wakali, tabia ilifuata damu, si malezi. Mbweha wapole pia wana kotisoli kidogo, ile homoni ya hofu na msongo.

Lakini usidhani ipo jeni moja ya upole, yaani kipande kimoja cha maelekezo ya kurithi. Utafiti wa 2014 uliolinganisha sungura wa kufugwa na wa mwituni ulikuta mabadiliko madogo madogo mengi, hasa karibu na jeni zinazojenga ubongo na neva, na mara nyingi nje ya sehemu inayotengeneza protini. Yaani viungo vya pilau ni vilevile, kilichobadilika ni kipimo: jeni ipi ifanye kazi zaidi, wapi, na lini mnyama akiwa bado anaumbika. Mwaka 2018 picha za ubongo zikaonyesha kuwa amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu, ni ndogo kwa sungura wa kufugwa. Nikisoma hayo namwangalia Pilipili kwa huruma zaidi.

Jana nimewapima. Mkono ndani ya kibanda, kiganja juu, dakika mbili. Watoto watatu wa Zuhura waliolelewa na Pilipili walikuja wote. Mmoja alinilamba kidole gumba. Kwa wale wa Pilipili waliolelewa na Zuhura, wawili walijibana pembeni, masikio yamelala mgongoni, mmoja akapiga mguu chini mpaka mbao zikalia. Wa tatu alikuja taratibu, akanusa, akarudi.

Sita ni wachache mno. Tena nimegundua kosa: wiki ya kwanza nilikuwa nawapima uzito watoto wa kibanda cha Zuhura kila siku, wa kibanda cha Pilipili mara mbili tu, na sungura aliyeshikwa mapema hupunguza woga. Ajabu ni kwamba walioshikwa sana ndio waliokimbia.

Pilipili nimempandisha tena Jumamosi. Atazaa baada ya siku 31 hivi, na safari hii kila kitoto kitashikwa sawa, dakika tano, baada ya kunyonya.