Paka, panya na piano

Jana usiku nilimwekea binti yangu wa miaka minne katuni ya Tom na Jerry, ile Tom anapiga piano ukumbini, The Cat Concerto ya 1947. Haifiki hata dakika nane. Hakuna anayesema neno, na hapo ndipo ninapoipendea. Mtoto hakuhitaji kutafsiriwa, wala mama yangu aliyekuwa pembeni akichambua mchele.

Tom anaketi kwa madaha ndani ya koti lake jeusi, anaanza kupiga muziki wa Franz Liszt. Kumbe Jerry amelala ndani ya piano! Nyundo zinamrusha juu, zinamshusha, na kila vurugu inaangukia palepale kwenye mdundo. Vitazameni vidole vya Tom, jamani. William Hanna, Joseph Barbera na wachoraji wao walifanya haya kwa mkono, picha moja moja. Ilipata Oscar, na ilistahili kabisa.

Mwisho Tom hoi, hana nguvu, na taa inammulika Jerry akipokea makofi. Binti yangu naye akapiga makofi. Mama akaweka ungo chini: "Hebu irudishe mwanzo, mwanangu."